Presha ya mapafu na mkono usio na mpigo: uchambuzi wa kisa cha Takayasu

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 26, msusi, mkazi wa nyumba za mlimani jijini Mwanza. Kwa miezi 14 pumzi imekuwa ikimkata, mwanzo akipanda mawe kurudi nyumbani, siku hizi hata akitandika kitanda. Uzito umeshuka kutoka kilo 58 hadi 49. Jioni ana homa ndogo, usiku anatoka jasho, na kikohozi chake kimetoka na michirizi ya damu mara mbili. Kuna jambo jingine alilolisema bila kuulizwa, likaandikwa kwenye faili na kusahaulika: akisuka kwa zaidi ya dakika kumi, mikono ikiwa juu, mkono wa kushoto unalegea na kuuma, akiushusha, maumivu yanaisha.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Mgonjwa si mtu mmoja halisi, na namba zake zimepangwa zifuate njia ambayo Takayasu, ugonjwa wa kuvimba kwa ukuta wa ateri kubwa, hupita mara nyingi, pamoja na makosa yanayoandamana nao.

Utambuzi wa kwanza ulikuwa kifua kikuu. Makohozi yalipimwa kwa GeneXpert mara mbili, yote hayakuonyesha vimelea. Picha ya kifua ilionyesha kivuli chenye shimo dogo juu ya pafu la kulia, na kwa dalili zile akaanzishiwa dawa: miezi miwili ya RHZE (rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli) na minne ya RH (mbili za kwanza peke yake). Uamuzi huo wenyewe haukuwa wa ajabu; mahali penye kifua kikuu kingi, kumsubirisha mgonjwa wa namna hii nako kuna hatari. Kosa lilikuja mwezi wa pili, homa na uzito vilipobaki palepale na hakuna aliyeuliza upya. Kivuli kilikuwa na umbo la pembetatu, kitako kikiwa kwenye ukuta wa kifua. Hilo ni umbo la kipande cha pafu kilichokufa kwa kukosa damu, na kipande kama hicho kinaweza kuoza katikati kikaacha shimo. Juu ya pafu la kushoto picha ilikuwa nyeusi kupita kawaida, mishipa haionekani, na shina la ateri ya mapafu lilikuwa limetuna. Alama zote tatu zilikuwepo kwenye filamu ileile.

Baada ya kifua kikuu ikaja pumu, akapewa dawa ya kuvuta. Kisha miguu ikavimba, akapelekwa kupimwa eko ya moyo, na hapo presha ya mapafu, yaani shinikizo la juu ndani ya ateri za mapafu, ikaonekana. Akaanzishiwa sildenafili ya kulegeza mishipa ya mapafu na warfarini ya kuzuia damu kuganda, kwa dhana kwamba mabonge ya damu ndiyo yaliyoziba mapafu. Kwenye kituo kimoja alipimwa presha mkono wa kushoto, ikasomeka 82/58, akatundikiwa lita moja na nusu ya maji kwa haraka ili "presha ipande". Usiku ule akazidi kuvimba na kuhema. Upande wa kulia wa moyo ulikuwa tayari umetanuka, na maji yale yaliutanua zaidi, ukausukuma ukuta wa katikati na kuubana upande wa kushoto. Damu inayotoka kwenda mwilini ikapungua badala ya kuongezeka.

Vidole na mkanda wa presha

Alipofika hospitali ya rufaa, uchunguzi wa kitandani peke yake ulitosha kubadili mwelekeo. Mapigo 104 kwa dakika, oksijeni 91%, mshipa wa shingo umejaa, ini limeshuka sentimita 4 chini ya mbavu, sauti ya pili ya moyo ni kali upande wa kushoto wa kidari. Yote hayo ni ya presha ya mapafu na moyo wa kulia kuchoka. Lakini kwenye kifundo cha mkono wa kushoto mpigo haukuwepo kabisa, na wa kulia ulikuwa dhaifu.

Presha ikapimwa kwenye viungo vyote vinne. Mkono wa kushoto 82/58, wa kulia 118/70, paja la kulia 176/94, la kushoto 172/92. Namba hizi zinahitaji kusomwa taratibu. Tofauti ya 36 kati ya mikono inaonyesha ateri ya bega la kushoto imebana. Wengi huishia hapo, wakaandika presha ya mgonjwa ni 118/70, ya kawaida. Ila kwa mtu mzima presha ya mguu huzidi ya mkono kwa takriban 10 hadi 20 tu. Hapa imezidi kwa 58. Maana yake hata mkono "mzuri" umebana, presha halisi ya mwili ni ile ya mguuni, na msichana huyu amekuwa na shinikizo kubwa la damu bila yeyote kujua. Kwa kumpima mguuni tumia mkanda mpana wa paja, mgonjwa amelala. Mkanda mwembamba wa mkono ukifungwa pajani utakupa namba ya juu kuliko ilivyo.

Kisha stetoskopu. Mvumo ulisikika juu ya mfupa wa mtulinga wa kushoto, na mwingine juu ya kitovu kuelekea kushoto. Mvumo wa tatu ulikuwa mgongoni, chini ya bega la kulia, na ulisikika alipoambiwa, "Dada, toa pumzi yote halafu ibane." Mvumo wa mgongoni ni wa ateri za mapafu zilizosinyaa. Hausikiki katika presha ya mapafu isiyo na chanzo, kwa sababu pale ugonjwa uko kwenye mishipa midogo sana. Ukiusikia, fikiria mishipa mikubwa iliyobana: kwa mabonge ya zamani, kwa kubanwa kutoka nje, au kwa ukuta wake kuvimba.

Ugonjwa wenyewe

Takayasu ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ukuta wa aota na matawi yake makubwa. Umebeba jina la Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani, aliyeeleza mwaka 1908 mabadiliko ya mishipa ndani ya jicho la mwanamke wa miaka 21. Hushika zaidi wanawake, na mara nyingi kabla ya miaka 40. Chembe za kinga huingia kwenye ukuta wa ateri kupitia mishipa midogo inayoulisha kutoka nje, ukuta unavimba, kisha unaota kovu kwa ndani mpaka njia ya damu inakuwa nyembamba au inafungwa.

Ateri za mapafu nazo zina ukuta wa aina hiyo, kwa hiyo hazisalimiki kila mara. Tawi moja likifungwa, damu yote ya upande ule hulazimika kupita kwenye matawi yaliyobaki, na haya nayo, kwa kubeba mzigo kupita uwezo, hunenepa ukuta. Ndiyo maana presha huendelea kupanda hata pale ambapo ugonjwa wenyewe umetulia. Lakini kuna njia nyingine mbili ambazo mgonjwa wa Takayasu anaweza kupata presha ya mapafu. Moja ni moyo wa kushoto: shinikizo la damu lililofichika au vali ya aota inayovuja hurudisha msongamano nyuma hadi kwenye mapafu. Nyingine ni bonge la damu halisi juu ya ukuta uliovimba. Matibabu ya njia hizi hayafanani, na eko peke yake haiwezi kuzitenganisha.

Vipimo

ESR 84 na CRP 52, vipimo vya uvimbe mwilini, vyote viko juu; hemoglobini 10.4, chembe sahani 468. Kreatinini, kipimo cha figo, 88. VVU, kaswende na homa ya ini B: hakuna. ANA na ANCA, kingamwili za baadhi ya magonjwa ya kinga: hakuna. Majibu hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayopotosha watu. Hakuna kipimo cha damu cha Takayasu, na ANCA ni ya magonjwa ya mishipa midogo. Kuandika "si ugonjwa wa kinga, ANCA haipo" ni kufunga faili kabla ya kulisoma.

Kichocho kilitafutwa kwa sababu amekulia kando ya Ziwa Victoria, na kichocho cha tumbo ni chanzo halali cha presha ya mapafu; kinyesi na mkojo havikuonyesha kitu na ini halikuwa na makovu kwenye ultrasound. Vali ya mitrali ilikuwa nzima, kwa hiyo homa ya rumatizimu ikaondolewa. Aliulizwa pia kuhusu vidonda vya mdomoni na sehemu za siri vinavyorudi-rudi. Swali hilo ni la ugonjwa wa Behçet, ambao hutunisha ateri za mapafu kama puto na kuzijaza mabonge. Mgonjwa wa namna hiyo ukimpa warfarini bila kutuliza ugonjwa, anaweza kutapika damu hadi kufa.

Eko: kasi ya damu inayovuja kwenye vali ya trikaspidi mita 4.2 kwa sekunde. Zidisha kasi kwa yenyewe, kisha mara 4, unapata 71. Vena kuu ya chini ilikuwa milimita 23 na haikubonyea alipovuta pumzi kwa pua, hivyo ongeza 15: jumla 86. Mwendo wa moyo wa kulia, TAPSE, ulikuwa milimita 13, wakati chini ya 17 tayari ni udhaifu. Vali ya aota ilivuja kidogo tu.

Ultrasound ya shingo ni kipimo cha bei nafuu kisichotumika vya kutosha. Ateri ya kushoto ya shingo ilikuwa na ukuta mnene wa milimita 2.4, sawasawa pande zote, kama makaroni iliyokatwa. Mafuta ya uzee hayavimbishi hivyo. Hukaa upande mmoja, kwa mabonge-mabonge, na si kwa mtu wa miaka 26.

CT scan inahitaji maelekezo yaliyoandikwa vizuri. Ukiomba tu "CT ya ateri za mapafu", fundi atapiga picha sekunde chache baada ya dawa ya kung'arisha mishipa kudungwa, ateri za mapafu ziking'aa na aota ikiwa bado haijajaa. Utaona matawi yaliyoziba, utaita mabonge, na aota iliyovimba itabaki pembeni ya picha bila kuonekana. Kwa mgonjwa huyu iliombwa awamu tatu: ya ateri za mapafu, ya aota kuanzia shingoni hadi kinena, na ya kuchelewa ili kuona kama ukuta unanyonya dawa. Tawi la juu la ateri ya mapafu ya kushoto lilikuwa limefungwa kabisa, matawi ya kulia yamechongoka polepole, ukuta wake milimita 3.5 na unang'aa kwenye awamu ya mwisho. Ndani hakukuwa na bonge wala nyuzi za bonge la zamani. Aota ilikuwa nene kuanzia upinde hadi kwenye figo, ateri ya bega la kushoto imefungwa, ya kulia imebana, ya figo ya kushoto imebana kwa takriban 70%, ya figo ya kulia wazi. Katikati ya kifua hakukuwa na tishu ngumu inayobana mishipa kutoka nje. Hilo ni la kuangaliwa kwa makusudi hapa kwetu, kwa sababu tezi za kifua kikuu cha zamani zinaweza kuacha kovu linalobana ateri na vena za mapafu, na kwa mbali kovu hilo hufanana sana na Takayasu.

Kwa vigezo vya 2022 vya ACR/EULAR, vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Marekani na Ulaya, zinazohitajika ni alama 5; yeye alipata 15. Ila vigezo hivyo vimetungwa kupanga wagonjwa wa utafiti, na ateri za mapafu hazihesabiwi humo kabisa. Mwenye ugonjwa uliokaa mapafuni tu atashindwa mtihani huo huku anaumwa kweli.

Mwisho, katheta ya moyo wa kulia, mrija unaopitishwa kwenye vena hadi ndani ya moyo na ateri za mapafu, kipimo kinachofanyika Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Presha ya ateri ya mapafu 84/30, wastani 48. Presha ya kuziba, inayosomwa tawi dogo likizibwa kwa puto la katheta na kuonyesha hali ya moyo wa kushoto, ni 9. Moyo unatoa lita 3.4 kwa dakika. Ukizani, yaani jinsi mishipa inavyoipinga damu, ni 48 kutoa 9, gawa kwa 3.4, yaani yuniti za Wood 11.5. Mwongozo wa Ulaya wa 2022 unahesabu presha ya mapafu kuanzia wastani unaozidi 20, na ikiwa chanzo ni ateri za mapafu zenyewe, ukizani nao uzidi 2. Presha ya kuziba ya 9 inaondoa moyo wa kushoto, kwa sababu ingekuwa zaidi ya 15. Hivyo mgonjwa yuko kundi la 4, la ateri zilizoziba, ambamo mwongozo huo umeweka pia uvimbe wa ateri. Tahadhari moja: wastani upimwe kwenye shina, kabla ya pale palipobana. Ncha ya katheta ikipita mbele ya mbano, itasoma presha ndogo na kukudanganya kwamba hali ni nzuri.

Matibabu, na kwa nini kwa mpangilio huo

Warfarini ilisimamishwa: hakuna bonge, na anakohoa damu. Maji ya ziada yalitolewa kwa furosemidi miligramu 40 ya sindano asubuhi na jioni, kisha kidonge 40 kwa siku pamoja na spironolaktoni 25. Lengo ni uzito kushuka nusu kilo hadi kilo moja kwa siku. Ukikimbiza zaidi ya hapo, moyo wa kulia unakosa damu ya kusukuma na figo zinaanza kulalamika.

Kisha moto wenyewe, yaani uvimbe wa ateri. Kabla ya steroidi, dawa ya kutuliza kinga, alipewa ivermektini vidonge 3 vya miligramu 3, kwa uzito wake. Minyoo ya strongiloidi hukaa kimya miaka mingi, na prednisoloni inaweza kuifungulia mwili mzima. Kinga ya kifua kikuu haikurudiwa, kwa kuwa alimaliza miezi sita ya dawa miezi mitatu iliyopita. Kwa ambaye hajawahi kutibiwa na anahitaji kinga hiyo, isoniazidi miligramu 300 na piridoksini 25 kwa miezi sita ndiyo inayofaa. Rifampisini na rifapentini huharakisha ini kuvunja dawa. Prednisoloni hupungua nguvu, sildenafili hushuka sana, na warfarini haishikiki. Nusu ya "steroidi hazikufanya kazi" zinazosimuliwa wodini zingestahili swali moja: alikuwa bado anameza rifampisini?

Prednisoloni miligramu 50 kwa siku, asubuhi, baada ya kula. Mpango ni kushuka hadi 15–20 ndani ya miezi miwili hadi mitatu, na 10 au chini ya hapo baada ya mwaka. Steroidi peke yake huzima haraka, lakini ugonjwa hurudi dozi ikishuka, kwa hiyo methotreksati ilianza pamoja nayo: miligramu 15 mara moja kwa wiki, yaani vidonge sita vya 2.5, na foliki asidi miligramu 5 siku nyingine. Cheti kiandikwe siku kwa jina: "Jumamosi tu". Methotreksati ikimezwa kila siku kwa makosa, uboho hufa na mgonjwa naye. Septrin ya kukinga maambukizi ya mapafu haikuongezwa. Si lazima kwa kila mwenye Takayasu, na ikikutana na methotreksati hushusha chembe za damu. Penye ulazima wa Septrin, azathioprini miligramu 2 kwa kilo ni chaguo lililo salama zaidi.

Sildenafili iliendelea, miligramu 20 mara tatu kwa siku; isipopatikana, wengi hutumia ya 25. Ieleweke kwamba hakuna dawa ya presha ya mapafu iliyosajiliwa mahususi kwa Takayasu. Inapunguza mzigo wa moyo kupitia mishipa midogo iliyobaki, haifungui tawi lililoziba. Isichanganywe na dawa za maumivu ya moyo za jamii ya nitrati.

Kwa shinikizo la mwili: amlodipini 5, kisha 10, ikipimwa mguuni, na kushuka polepole kwa sababu ateri ya shingo imebana na ubongo usikoseshwe damu ghafla. Hakuanzishiwa enalapril. Ingekuwa figo zote mbili zimebana ingeziangusha. Kwa figo moja iliyobana inawezekana, mradi kreatinini irudiwe baada ya wiki moja hadi mbili.

Uzazi ulizungumzwa siku ya kwanza. Mimba kwenye presha ya mapafu ya kiwango hiki inaweza kumuua mama, na methotreksati huharibu mtoto tumboni. Vidonge vyenye estrojeni havimfai kwa ajili ya shinikizo na hatari ya damu kuganda. Alichagua kitanzi cha shaba.

Miezi saba baadaye

Kufikia mwezi wa tatu ESR ilikuwa 18, CRP 4, prednisoloni imeshuka hadi 20. Umbali wa kutembea kwa dakika sita ulipanda kutoka mita 240 hadi 355. Uvimbe wa miguu uliisha. Mwezi wa saba katheta ikarudiwa: wastani 39, presha ya kuziba 10, moyo lita 4.3, ukizani 6.7. Ni nafuu ya kweli, lakini haitoshi, na sababu iko wazi: uvimbe umezimika, kovu limebaki. Kuongeza prednisoloni hapa ni kumvimbisha uso na kumletea kisukari bure.

Kinachofuata ni puto la kutanua ateri za mapafu, na sasa ndiyo wakati wake, si mwezi wa kwanza. Ukuta uliovimba ukipasuliwa na puto hujibu kwa kuvimba zaidi na kubana upya. Kazi hufanyika kwa awamu, matawi machache kila mara, kwa puto dogo kuliko ateri. Pafu lililozoea kukaa bila damu likipata damu ghafla hujaa maji, na waya unaweza kutoboa tawi. Kukohoa damu na oksijeni kushuka katika siku mbili za mwanzo vichukuliwe hivyo hadi ithibitike vingine. Upasuaji wa kukwangua ndani ya ateri, unaowasaidia wenye mabonge ya zamani, hapa haukupendekezwa, kwa kuwa ugonjwa uko ndani ya ukuta wenyewe. Vituo vyenye uzoefu wa puto hili ni vichache, na rufaa iliandikwa pamoja na CD ya CT yote, si ripoti peke yake.

Ugonjwa ukirudi, hatua inayofuata huwa tosilizumabu au infliksimabu, dawa zinazozuia vichocheo vya uvimbe, baada ya kuchunguza kifua kikuu upya. Tosilizumabu ina mtego: inazuia njia ileile inayotengeneza CRP, hivyo CRP itabaki chini hata ukuta wa ateri ukiwaka. Mgonjwa wa namna hiyo hufuatiliwa kwa dalili, mapigo, mvumo mpya na picha za mishipa.

Kwenye jalada la kadi yake yameandikwa mambo mawili kwa wino mwekundu. La kwanza: presha ipimwe pajani, mikono haisemi kweli, na mstari wa ateri (mrija wa kupima presha ndani ya ateri) usiwekwe mkononi akilazwa ICU, maana 80 ya mkono itamletea noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, asiyoihitaji. La pili: prednisoloni isikatwe ghafla, akitapika au akishindwa kumeza, apewe haidrokotisoni ya sindano.